Blighty ni ndugu wa Ulaya

Neno lililonikalisha kwenye meza yangu ya tafsiri siku mbili mwezi huu ni "Blighty". Ni neno la mazungumzo la Waingereza, maana yake Uingereza, lakini ile Uingereza anayoitaja aliye mbali nayo na anaitamani. Askari wao kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, 1914 hadi 1918, walilitia hata kwenye majeraha. Risasi ikikupata begani, isikuue ila ikutoe vitani, wenzako husema umepata "Blighty", na wanakuonea wivu kwelikweli.

Kamusi yangu inatoa "Uingereza", basi. Haitoshi hata kidogo.

Nikafuata asili yake. Askari waliliokota India, kwenye Kiurdu, ambako "bilayati" ni kitu cha kigeni, hasa cha Uingereza. Soda iliitwa maji ya bilayati. Nyanya, biringanya ya bilayati. Henry Yule na A. C. Burnell waliliingiza katika Hobson-Jobson, kamusi yao ya 1886 ya maneno ya Waingereza wa India. Kiurdu kilipata shina lake kwa Kiajemi, na Kiajemi kwa Kiarabu: wilaya, yaani utawala, au nchi iliyo chini ya mtawala.

Hapo nikaweka kalamu chini. Sisi neno hilo tunalo mara mbili! Tuna wilaya yenye mkuu wake, na tuna Ulaya, ambayo ni wilaya ileile iliyolainika mdomoni. Liwali wa pwani naye ni wa ukoo huohuo. Na kama Wahindi walivyoiita nyanya, nasi tuliviita viazi vya wageni viazi ulaya. Cheti na gari pia zina ndugu katika Kiingereza cha askari hao, chit na gharry, ila hizo zimetoka Kihindi.

Basi, kwa askari wa tafsiri yangu aliyejeruhiwa bega, nikaandika: "Amepata jeraha la Ulaya." Mhariri akapinga. "Mwalimu, huyu yuko Ufaransa. Si yuko Ulaya tayari?"

Kwenye ramani, ndiyo. Lakini wazee wetu waliposema bwana fulani amerudi Ulaya, hawakuwa na bara akilini. Walimaanisha amerudi kwao. Ndicho alichokitaka askari yule aliyelala matopeni na bega lake limefungwa kitambaa. Nimeliacha jeraha la Ulaya kama lilivyo, bila tanbihi.