Breki zilizoshika kwenye gari la kitambo: dhana potofu na ukweli

Malindi haina uhaba wa magari ya kitambo yaliyolala. Pita nyuma ya nyumba za Casuarina au mashamba ya upande wa Gede, hukosi Land Rover Series, Volkswagen Beetle au pikapu ya Peugeot 504 iliyofunikwa turubai chini ya makuti. Mwenyewe alirudi Ulaya, au amezeeka, na sasa mtoto wake au mnunuzi anataka gari liamke. Injini mara nyingi huwaka kwa betri mpya na petroli safi. Ukitia gia, gari haling'oki. Hapo ndipo kila mpita njia anapogeuka fundi.

“Hendibreki ndiyo usalama wa gari linalolala.”

Kwa gari la kulala usiku mmoja, sawa. Kwa gari la kulala mwaka, hendibreki ndiyo inayolifunga. Shuu (kipande chenye umbo la mwezi mchanga kinachobana breki kwa ndani) ikikandamizwa kwenye dramu ya chuma, yaani ngoma inayozunguka na gurudumu, muda mrefu, kutu huota katikati na kuvishikanisha, na kebo nayo huganda ndani ya ganda lake. Pwani mambo huenda haraka zaidi, maana kusi ikianza kuvuma mwezi wa Aprili hupeleka unyevu wa chumvi hata ndani ya gereji iliyofungwa. Gari la kuhifadhiwa liache kwenye gia, hendibreki chini, na mawe mbele na nyuma ya matairi.

“Livute tu, litaachia.”

Hii ina ukweli nusu, ndiyo maana haifi. Gari lililosimama wiki moja ya mvua huota kutu nyepesi ya rangi ya chungwa kwenye diski (sahani ya chuma inayobanwa na breki), na ukiliondoa polepole linaachia kwa mlio mmoja, tak! Lililokaa miaka ni habari nyingine. Kwenye shuu nyingi lainingi, ile bitana ya msuguano, imeshikizwa kwa gundi. Ukilivuta kwa Land Cruiser, lainingi hubaki imeng'ang'ania dramu na shuu inachomoka uchi. Gurudumu linazunguka, watu wanapiga makofi, kumbe gurudumu hilo halina breki tena.

Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi (matofali ya kando ya nyumba si stendi), kisha legeza ajasta (kirekebishi cha nafasi ya shuu) ili shuu ziachane na dramu. Kwenye Land Rover Series utakuta boliti za ajasta nyuma ya bamba. Kwenye Beetle ni vigurudumu vya meno unavyovisukuma kwa bisibisi kupitia tundu. Zikigoma, paka dawa ya kulegeza kutu kwenye nyuzi za ajasta peke yake, uache hadi kesho. Halafu gonga dramu kuizunguka kwa nyundo ya raba au ya mbao. Ya chuma iweke mbali, kwa sababu dramu ni chuma cha kusubu na hupasuka.

Dramu ikitoka utaona vumbi jeusi limejaa kila pembe. Mkono wa fundi huenda wenyewe kwenye mpira wa kompresa. Uzuie. Lainingi nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta saratani. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko na kukitupa.

“Mwagia dizeli au mafuta ya taa.”

Ushauri huu umeharibu breki nyingi kuliko chumvi ya bahari. Raba za ndani ya mfumo wa breki zimetengenezwa kuishi na mafuta ya breki ya glaikoli. Dizeli, mafuta ya taa, oili ya injini na grisi ya kawaida huzivimbisha. Chukua raba ya silinda (kijichumba ambamo pistoni husukuma shuu) iliyoonja dizeli uiweke kando ya mpya: imenenepa, imekuwa laini kama ubani uliotafunwa, mdomo wake umekunjuka, na hairudi tena ndani ya silinda ilimotoka. Raba ya namna hiyo huishika pistoni isirudi, kwa hiyo aliyemwaga ili kulegeza ndiye aliyekaza. Sehemu za ndani huoshwa kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe. Baadhi ya Citroën za zamani hutumia mafuta ya madini ya rangi ya kijani, na raba zake ni za aina nyingine. Ukiwa na gari hilo usichukue ushauri wa mwenye Peugeot, wala yeye asichukue wako.

“Gurudumu likishika, ni kutu.”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu ananunua kalipa mpya (vibano vya diski), anazifunga, na gurudumu linashika vilevile. Kabla ya kununua chochote fanya jaribio hili, halikugharimu shilingi. Gari likiwa juu ya stendi na gurudumu limeshika, legeza nipo (kijiskrubu chenye tundu) ya kutolea upepo ya gurudumu hilo. Lisipoachia, tatizo ni la chuma: pistoni imeota kutu, shuu zimeganda, au kebo ya hendibreki haijarudi. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, basi kuna presha iliyonaswa, na kutu haina kosa.

Presha hiyo inanaswa wapi? Funga nipo, kanyaga pedali hadi lishike tena, kisha legeza nati ya paipu ya chuma pale inapoungana na mpira wa breki (bomba laini linaloelekea kwenye gurudumu), upande wa kutoka masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali. Likiachia, chunguza masta: huenda kijitundu cha kurudishia mafuta kimezibwa na uchafu, au pedali haina nafasi ya kupumua kwa juu, yaani mwanya mdogo kabla haijaanza kusukuma. Lisipoachia, mpira wenyewe ndio mkosaji. Mipira ya zamani huvimba kwa ndani huku nje inang'aa. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Mimi sijadili mipira: gari likilala miaka, yote inatoka.

“Msasa unatosha.”

Kwa kutu ya juu juu ndani ya silinda ya dramu, msasa laini uliolowa mafuta ya breki unafaa. Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye shimo, msasa hauna la kufanya. Pistoni ya kalipa iliyobanduka kromu haisuguliwi, inabadilishwa. Na kuitoa iliyoshika, tumia presha ya pedali yenyewe kabla hujafungua mpira. Upepo wa kompresa huifyatua pistoni kwa nguvu ya kuvunja vidole.

“DOT 5 ni bora kwa sababu namba ni kubwa.”

DOT ni daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa. DOT 3 na DOT 4 ni za glaikoli. DOT 5 ni silikoni, na hazichanganywi. Glaikoli hunyonya unyevu wa hewa: kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 4 mpya ni nyuzi 230 za Selsiasi, na ikishanyonya maji kinashuka hadi 155. Ndiyo maana mafuta yaliyolala na gari humwagwa yote, na chupa iliyofunguliwa mwaka jana haifai hata kama imejaa. Magari mengi haya yanatosheka na DOT 4. Angalia tu isidondokee rangi ya bodi, inaibabua.

“Kanyaga pedali mpaka chini, upepo utoke.”

Kwenye masta mpya, haidhuru. Kwenye masta iliyolala, sehemu ya silinda ambayo raba haikuwahi kuipitia imeota kutu, na ukikanyaga hadi mwisho unazikwaruza raba juu ya kutu hiyo. Weka kipande cha mbao chini ya pedali.

“Magurudumu yanazunguka, twende Mombasa.”

Usiende hata Watamu. Kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Ikizama polepole, masta haijapona. Ikisimama imara, zunguka mitaa ya ndani kwa mwendo wa miguu, kisha barabara tambarare. Mteremko wa kuingia daraja la Kilifi si mahali pa kujaribia. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa kwanza. Rimu yenye joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hiyo inarudi kwenye jeki.