Unanunua Gari au Unanunua Namba?

Mtu ananipigia, amepata gari, anataka nikamkagulie kabla hajatoa hela. Namuuliza, la mwaka gani? "Namba E, bosi." Narudia, mwaka gani? "Si nimekwambia, namba E, bado bichi kabisa." Kazi yangu ni kukagua na kuthamini magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam, na simu za namna hii zimekuwa nyingi mno. Nimeamua kuandika mara moja, niwe nawatumia.

Namba haisemi umri wa gari. Ile herufi inayofuata tarakimu, yaani E katika T 123 EAB, inakuonyesha gari lilisajiliwa Tanzania katika awamu ipi, basi. Gari lililotoka kiwandani Japani mwaka 2004, likatumika huko miaka na miaka, likapita mnadani, likapanda meli na kushuka bandarini Dar juzi, litapewa namba ya juzi. Pacha wake wa kiwanda kile kile na mwaka ule ule, aliyeletwa nchini mapema, anatembea na namba B. Huyu wa namba B mnamwita mkweche, yule wa namba E mnamwita mpya, na wote ni wa 2004.

Najua tabia hii ina mizizi. Kwa wenzetu wa Kenya, kuangalia namba kuna mantiki fulani kwa sababu sheria yao inazuia kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Gari lenye namba mpya Nairobi haliwezi kuwa mbali sana na siku yake ya kiwandani. Sisi hatuna ukomo huo, tuna ushuru. Gari la kutembelea la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30. Ukilipa linaingia, hata likiwa na miaka 20. Kwa hiyo kipimo kinachofanya kazi Mombasa kinakudanganya Kinondoni.

Chukua Toyota IST, maana ndilo gari ninaloulizwa kuliko yote. Umbo la kwanza lilianza kutengenezwa 2002 na likaisha 2007, likaja umbo la pili. Maana yake ni kwamba hakuna IST ya umbo la kwanza popote duniani iliyotengenezwa baada ya 2007. Iwe namba B, iwe namba E, iwe imesajiliwa leo asubuhi. Lakini wapo watu wazima, wenye kazi zao na akili zao, wanaoongeza milioni mbili au tatu juu ya bei kwa ajili ya herufi moja iliyoandikwa kwenye bati.

Hapo wenye namba E hunijia juu: "Lakini langu halijapigwa na barabara za Bongo." Kweli. Gari lililokuja mwaka jana halijakutana na matuta yetu, mashimo ya masika wala mafundi wa chini ya mwembe, na hilo lina thamani yake. Ila thamani hiyo inapimwa kwenye gari lenyewe: bushi, shokapu, boksi ya usukani, sakafu. Wewe hujui huko Japani liliishi wapi. Kule Hokkaido barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari la huko linaweza kufika na rangi inayong'aa, namba mpya kabisa, na chini limeliwa na kutu kama bati la banda la kuku. Nimewahi kuwaonyesha wateja kutu hiyo kwa tochi na bado wakaniambia, "Lakini ni namba E." Sasa hapo mkaguzi wa nini?

Na hasara yenyewe haionekani siku ya kununua, inaonekana siku ya kuuza. Ile nyongeza uliyolipa kwa ajili ya herufi ndiyo sehemu ya bei inayoyeyuka haraka kuliko zote, kwa sababu haitegemei kitu chochote kilichopo kwenye gari. Namba D nayo ilikuwa fahari ya mji. Ilipotoka E, magari ya namba D hayakuharibika injini usiku ule, hayakupasuka vioo. Yaliitwa tu ya zamani. F itakapokuja, na itakuja, wewe wa E utapanga foleni nyuma yao. Ukikatia bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, na gari likaisha kwenye ajali, fidia inafuata thamani ya gari sokoni, na mthamini anaanzia kwenye mwaka wa kutengenezwa. Ukienda benki kulitumia kama dhamana, ni hivyo hivyo. Anayelipia herufi ni mnunuzi mwenzako tu, akikubali.

Mwaka wa kweli unaujuaje? Soma kadi ya gari, mwaka wa kutengenezwa umeandikwa humo. Nashangaa wangapi wananunua bila kuisoma. Kama gari limefika karibuni, dai cheti cha Japani cha kulitoa nchini. Mle kuna tarehe ya usajili wake wa kwanza, mara nyingi kwa kalenda ya wafalme wao: ukiona Heisei 15, jumlisha 1988, unapata 2003, ukiona Reiwa 2, jumlisha 2018, unapata 2020. Cheti hicho huonyesha pia kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wao, kwa hiyo ukikuta dashibodi ya gari inasoma chache kuliko cheti, funga mazungumzo uondoke. Halafu vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Chini kabisa, karibu na unapoanzia, kuna kitambaa kidogo kilichoshonewa chenye mwaka wa kutengenezwa. Mkanda ukisema 2003 na muuzaji anasema 2008, mwombe akueleze, na usimsaidie kupata jibu. Namba ya chesisi pekee haitakutosha kwa magari ya soko la ndani la Japani, kwa sababu haina herufi ya mwaka. NCP61 inakwambia ni IST ya lita 1.5 inayovuta matairi ya mbele. Mwaka unatafutwa kwa tarakimu zinazofuata.

Nimemaliza hilo. Madai mengine ninayoyasikia kwa wateja nitayapita haraka.

"Toyota yoyote haishuki bei." Anayesema hivi hajawahi kuuza Verossa. Ilitengenezwa 2001 hadi 2004 tu, taa zake ni zake peke yake, na ikigongwa mbele utazunguka maduka ya spea ya Gerezani na Ilala nzima ukitafuta taa moja. Brevis ni gari tamu kuendesha, tulivu, lakini ina silinda sita na mnunuzi wa kawaida anaanza kuuliza mafuta kabla hajafungua mlango. Kinacholinda bei ni wingi wa watu wanaolitaka gari hilo wiki hii, wingi wa mafundi wanaolijua, na spea zilizojaa hadi kwenye meza za barabarani. Nembo peke yake haikuletei hayo. IST, Passo, Vitz, Noah, Hiace na Hilux vina hayo yote, na ndiyo maana havikai yadi. Kirikuu pia, ambayo ni Suzuki, wala si Toyota, na mwenye Kirikuu nzima akitaka kuuza hahangaiki.

"Gari la Ulaya ni imara, thamani yake haishuki." Mtu anaona BMW X5 au Range Rover mtandaoni, Japani, kwa bei ya RAV4, anadhani Wajapani wamelala. Hawajalala. Wanajua springi za upepo zikichoka ni pesa gani, na kwamba injini iliyozidi ujazo wa cc 2000, yaani lita 2, inakula mafuta. Kisha gari likifika bandarini TRA, watu wa kodi, hawafuati risiti yako, wanafuata kikokotoo chao, na kwa injini iliyozidi 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 badala ya 5. Unalimiliki miaka mitatu, unataka kuuza, unakuta wanaolitaka ni wachache, nao wanajua kwamba ni wachache. Bei watapanga wao. Mimi siwakatazi watu starehe. Ukitaka kupanda Range, panda. Usiniambie tu kwamba umeweka akiba.

"Nilinunua milioni 12, nimetumia miaka minne, nimeuza milioni 12. Sijapoteza kitu." Hii inawapendeza sana wenyewe. Bei ya gari mtumba hapa inavutwa na bei ya gari lijalo: dola au yeni, nauli ya meli, ushuru. Shilingi ikishuka au kodi ikipanda, gari litakaloshuka bandarini kesho linakuwa ghali, na lako linabebwa juu pamoja nalo. Kipimo ni hiki: chukua hiyo milioni 12 uliyopokea, nenda katafute gari la aina ile ile, lenye umri ule liliokuwa nao siku uliponunua. Pengo utakalolikuta ndiyo hasara yako. Ilikuwepo siku zote, ila ilifichwa na shilingi.

"Gari jipya la dukani ndilo linalotunza thamani." Kwa gari la kutembelea, hapana. Miaka ya mwanzo ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko yote, na hapa kwetu linaposhuka linakutana uso kwa uso na mtumba wa Japani ambao mnunuzi anaupenda vile vile. Kinachoiponyoka kanuni hiyo ni gari la kazi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile tunayoiita mkonga, iko sokoni tangu 1984 na umbo lake limebadilika kidogo sana. Yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyotegemea kompyuta, inatengenezeka porini. Ikichoka migodini inatafutwa na watu wa utalii, na Arusha kuna karakana zinazokata chesisi, zinarefusha, zinaweka paa la kunyanyuka, gari linaanza maisha mengine Serengeti. Gari lenye soko la pili na la tatu likilisubiri haliwezi kuanguka bei. Lakini wangapi kati yetu tunanunua mkonga wa kupeleka watoto shule?

"Gari ni uwekezaji, nitampa dereva aniletee hesabu." Hesabu ni mapato, bado haijawa faida. Tuseme umenunua Passo kwa milioni 11, baada ya miaka mitatu ya kubeba abiria mjini ukaiuza milioni 5. Milioni 6 zimeondoka, na ukizigawa kwa miezi 36 ni kama shilingi 167,000 kila mwezi, kabla ya oili, matairi, bima na siku za gereji. Toa hizo kwanza kwenye hesabu, halafu tuzungumze.

"Hybrid na CVT havina soko." Hybrid ni gari lenye injini ya mafuta na mota ya betri, CVT ni gia boksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia. Ni kweli kwa muuzaji, na ndiyo sababu mnunuzi mwenye akili anapaswa kufurahi. Aqua inauzwa chini kwa sababu watu wanaogopa betri, na X-Trail ya kuanzia 2007 kwa sababu wanaogopa gia boksi. Sehemu ya sifa mbaya ya CVT imeletwa na mafundi wanaomimina oili ya kawaida ya gia boksi badala ya ile yake. Kama unanunua gari la kukaa nalo miaka kumi, lililokwisha kushuka bei ndilo lako, mradi betri na gia boksi vimepimwa kwa mashine. Kama unapanga kuuza baada ya miaka miwili, achana nalo.

"Nimeweka rimu kubwa, redio ya skrini na taa za LED, kwa hiyo bei imepanda." Haijapanda hata shilingi. Mnunuzi akiona waya zimekatwa chini ya dashibodi anahesabu gharama ya fundi umeme. Tunza rimu na redio vilivyokuja na gari, uvirudishe siku ya kuuza, hivyo vya kwako uviuze mbali.

Kitu kinachoongeza bei kweli hakipigi kelele: ufunguo wa pili, risiti za sevisi, na kadi yenye jina lako. Watu wanauziana gari mikono mitatu bila kubadilisha jina, mwenye kadi amehamia Mwanza, wa pili hapokei simu, na wewe wa tatu unashangaa kwa nini mteja anataka kukukata milioni moja. Kabla hujaweka tangazo, badilisha jina TRA, kisha angalia namba yako kwenye mfumo wa faini za trafiki. Faini zinafuata namba ya gari, na mnunuzi wa leo anaziangalia kwenye simu akiwa amesimama mbele yako.