Je, wajua kwa nini saratani ya tezi za jasho haitambuliki kwa macho?

Wengi huamini saratani ya ngozi huletwa na jua, basi wa kuihofu ni mwenye ualbino. Nusu ya imani hiyo ni kweli. Jua la Tabora huwaumiza wenye ualbino, na kofia pana kwao si urembo. Lakini ipo saratani inayoanzia kwenye tezi za jasho. Aina moja, porokasinoma, iliyoelezwa mwaka 1963, hupenda miguu na huweza kuota hata unyayoni, mahali jua halifiki. Huwapata zaidi wazee. Kutokwa jasho jingi hakujathibitishwa kuwa chanzo, kwa hiyo mkulima wa tumbaku asijitie hofu.

Kwa nje ni kinundu tu. Mwenyewe hukiita sugu au chunjua, na chaweza kukaa miaka mingi kimetulia. Halafu kinaanza kukua upesi, kinachimbika, kinatoa damu kila kikisuguliwa na ndala. Hapo ndipo wembe hutolewa, kikakatwa na kutupwa, na ushahidi wote ukaenda jalalani.

Tezi ya jasho ni mrija mwembamba uliojiviringa chini ya ngozi, ukapanda hadi kwenye tundu la juu. Mrina asali wa Sikonge hahesabu masega kwa kutazama nyuki mlangoni mwa mzinga. Akiingiza vidole viwili akachomoa sega la mbele, huenda likawa nta kavu, na asali iko nyuma kabisa. Ndivyo ilivyo kinyama cha kupima kikichukuliwa juujuu: aina nyingine ya saratani hizi, inayopenda uso, huonyesha seli tulivu juu huku chini imeshafuata mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo daktari hukata kipande kinachofika kwenye mafuta, akakitia kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kiende kwa mwanapatholojia, mtaalamu wa kuchunguza vinyama kwa hadubini. Huyu husaka vijirija katikati ya seli, na mara nyingi hutumia rangi maalumu kuvidhihirisha. Hata akivipata, bado hajamaliza: saratani ya titi au ya utumbo iliyosambaa hadi kwenye ngozi huweza kufanana nayo sana. Ndiyo maana mama aliyekwenda hospitali ya Kitete, Tabora, na kinundu cha kisigino anaweza kujikuta anapimwa matiti.