Utoro wa darasani na sonona isiyojitaja

Mimi ni mtaalamu wa afya ya akili, na wanafunzi wengi wa chuo wanaonijia hawasemi wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Wanasema wamepata sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, au wameandikiwa barua ya utoro. Ukiwasikiliza taratibu, chanzo huwa kidogo sana: kazi moja haikukusanywa kwa wakati. Mtu akaona aibu kumkabili mhadhiri, akaruka kipindi. Kipindi kilichofuata aibu ikawa imezidi. Mwisho anazima hata simu, kwa sababu kundi la darasa linamkumbusha deni lake.

Kinachomnasa ni nafuu. Kila anapokwepa, wasiwasi unashuka papo hapo, na ubongo unajifunza kwamba kukwepa ndiyo dawa. Huku nyuma kazi zinarundikana, usingizi unavurugika, na sonona inapata pa kukaa. Kumwita mvivu kunamwongezea aibu ileile anayoikimbia.

Umri wenyewe nao una lake. Mapitio ya tafiti 192 yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba, kwa watu waliopata maradhi ya akili, takriban asilimia 62 yaliwaanza kabla ya miaka 25.

Tunapoanza tiba, simwambii mtu asubiri hamu irudi. Hamu hufuata tendo. Tunachagua jambo dogo hadi linachekesha: kumwandikia mhadhiri mistari miwili, kuamka saa ileile kila siku, kuingia kipindi kimoja na kukaa nyuma. Sonona ikiwa nzito, hayo peke yake hayatoshi. Huenda dawa zikahitajika, nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Anayeziacha baada ya siku tano hajazijaribu bado.

Huzuni ya siku mbili baada ya matokeo mabaya si ugonjwa. Lakini ikifika wiki mbili mtu yuko chini karibu kila siku, havutiwi na alichokipenda, halali vya kutosha, aende akaonwe.

Anayeishi naye chumba kimoja ndiye huona mapema kuliko sisi wataalamu. Mwenzako akikushtua kwa maneno yake, muulize waziwazi: "Umefikia kuwaza kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halipandikizi, mara nyingi anashusha pumzi kwa kupata mtu wa kumwambia. Akijibu ndiyo, na hasa akiwa ameshafikiria namna, usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu karibu naye, mpeleke hospitali idara ya dharura. Hata kama alikuapisha usimwambie mtu, hiyo si siri ya kutunza.

Kuhusu vyuo, wiki ya afya ya akili yenye fulana na mabango sina ugomvi nayo. Ila ningepewa kuchagua, ningechukua sentensi moja kwenye mwongozo wa kila kozi: aliyechelewesha kazi afanye nini, amwone nani, na atakatwa alama ngapi. Akishajua hayo, hana haja ya kujificha muhula mzima.