Mjamzito Akisema "Ni Homa Tu"

Neno homa linatuponza. Hapa Kisumu anayepiga chafya ana homa, mwili ukichemka ni homa, akikohoa wiki mbili bado ana homa. Mjamzito hawezi kuyachanganya hivyo, hasa aliyepita wiki ya 28, na hatari kwake huendelea hadi wiki mbili baada ya kujifungua. Virusi vya influenza, yaani mafua makali, au Korona vinaweza kumlaza hospitalini huku mumewe, aliyeambukizwa siku hiyohiyo, akienda kazini kama kawaida.

Mimba inapokua, tumbo la uzazi husukuma juu kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, na akiba ya hewa hupungua. Wakati huohuo mwili hudai oksijeni zaidi, takriban asilimia 20. Ndiyo maana mapafu yakivimba kidogo tu, oksijeni hushuka upesi. Influenza yenyewe ni nadra kumfikia mtoto tumboni. Kinachomuumiza ni joto kali la mama na upungufu wa oksijeni: huzaliwa kabla ya miezi kutimia, au na uzito mdogo, na mara nyingine hufia tumboni. Korona huongeza pia hatari ya shinikizo la damu la ujauzito.

Kanda yetu ya ziwa ina malaria, kwa hiyo mwili ukichemka, pimwa malaria siku hiyohiyo. Lakini kipimo kikionyesha huna malaria, hujaruhusiwa kurudi nyumbani kulala. Na ukiwa nayo, bado mafua yanaweza kuwepo pembeni. Na Fansida unayopewa kliniki ni kinga ya malaria. Haijawahi kutibu kikohozi.

Hesabu pumzi. Mama aketi, apumzike, mwingine ahesabu kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, si nusu dakika kisha kuzidisha mara mbili. Zikizidi 24, njoo zahanati leo. Zikifika 30, midomo ikageuka buluu, mama akachanganyikiwa au mtoto akapunguza kucheza tumboni, usingoje matatu ijae. Zahanatini atabanwa kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni; ikiwa chini ya asilimia 95, anahitaji kuangaliwa na daktari, na huenda akapewa rufaa. Futa rangi ya kucha kabla ya kuja, maana hupotosha kipimo.

Malalamiko yanayotufikia sana ni ya benchi la nje. "Nilivishwa barakoa nikaketishwa nje kama mwenye ukoma." Utaratibu ni huu: mlangoni unaulizwa kama unakohoa, ukikubali, unapewa barakoa, unaketi penye hewa mbali na wajawazito wengine, na unaonwa mapema. Ukificha kikohozi ili uketi ndani, unawaambukiza wenzako. Beba kijitabu chako cha mama na mtoto. Kikohozi kikifika wiki mbili, utaombwa makohozi ya kupima kifua kikuu, hata kama una hakika ni homa.

Sasa dawa. Parasetamoli inafaa: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Soma paketi ya dawa ya mafua, nyingi zina parasetamoli ndani na mama hujikuta amemeza mara mbili. Ibuprofeni na diklofenaki, hapana. Baada ya wiki ya 20 hupunguza maji ya uzazi, na mimba ikikaribia kukomaa huweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto. Aspirini ndogo uliyoandikiwa kwa ajili ya shinikizo la damu, usiiache bila kumuuliza daktari.

Antibiotiki haziui virusi. Tumelisema hili mpaka sauti zimekauka, na bado amoksilini hununuliwa vidonge vinne vinne kama pipi. Anayeuza dawa ya kuandikiwa na daktari bila hayo maandishi anavunja Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, na anaweza kushtakiwa. Wakaguzi wa Bodi ya Dawa na Sumu hawasikilizi utetezi kwamba mteja ndiye aliyeomba. Dawa ya influenza ni oseltamivira, miligramu 75 mara mbili kwa siku, siku 5, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Anayezunguka madukani siku nne ameshaipoteza nafasi hiyo.

Chanjo ya pepopunda haikingi mafua. Chanjo ya influenza ni nyingine, hudungwa mwezi wowote wa mimba, na kwa kuwa virusi vyake vimeuawa, haiwezi kukupa mafua. Kinga yake humpitia mtoto kwenye kondo, naye anaihitaji, kwa sababu hachanjwi influenza kabla ya miezi 6. Uliza kliniki wapi inapatikana.

Mama mwenye mafua aendelee kunyonyesha. Avae barakoa, anawe kwa sabuni, kisha amchukue mtoto. Wageni wenye makamasi wamwone kwa mbali. Virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa, kwa shangazi ni pua tu, kwa kichanga huziba vijia vya hewa. Pua ikiziba hanyonyi, kwa hiyo mtie puani tone la maji ya chumvi ya duka la dawa, si mafuta ya mentholi.

Kichanga akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, hesabu tena akiwa ametulia. Ikirudi ileile, au kifua kikibonyea chini ya mbavu, au akikataa titi, mfunge kifuani kwako ngozi kwa ngozi na uanze safari.