Sayansi ya Bahari Haisomewi kwa Kupiga Mbizi

Wiki hii mzazi mwingine ameniuliza kama binti yake, ambaye hajui kuogelea, aachane na wazo la kusomea sayansi ya bahari. Nimechoka kulijibu swali hili, kwa sababu nyuma yake kuna imani ileile kwamba sisi wanasayansi wa bahari ni wazamiaji tunaoshinda na pomboo.

Mzamiaji wa burudani mwenye mtungi wa hewa hutakiwa asipite mita 40, ilhali wastani wa kina cha bahari ni karibu mita 3,700. Huko chini tunashusha vifaa vya kupima chumvi na joto, na maelfu ya maboya ya Argo, mradi wa kimataifa wa kupima bahari, huzama yenyewe hadi mita 2,000, kisha huibuka kila baada ya siku 10 kutuma vipimo kwa setilaiti. Asiyejua takwimu hatavielewa vipimo hivyo, hata awe hodari wa kuogelea kiasi gani.

Chukua umri wa samaki. Kichwani mwake mna kijiwe kidogo cha sikio, ambacho tunakikata kipande chembamba, tunakiweka chini ya hadubini na kuhesabu pete, kwa kawaida moja kwa kila mwaka. Kwa samaki wa maji ya joto, ambako majira hayaachani sana, pete hizo hufifia, hivyo mimi naweza kuhesabu 7 na mwenzangu, kwa kijiwe kilekile, akahesabu 9. Miaka hiyo 2 huingia katika hesabu ya ukuaji, kisha ya vifo, na mwishowe katika idadi ya tani zinazoruhusiwa kuvuliwa, ambayo mvuvi huipokea kana kwamba haina shaka. Shaka ipo, tena kubwa, na ni wajibu wetu kuitaja kila tunapoitaja idadi yenyewe.

Kazi zipo, ingawa nyingi hazina neno bahari katika tangazo: kupima sakafu ya bahari kwa ajili ya bandari na nyaya za mawasiliano, tathmini ya athari kwa mazingira, ufugaji wa samaki, utabiri wa mawimbi, uchambuzi wa data za setilaiti. Anayetaka utafiti ajiandae kwa uzamili, na mara nyingi uzamivu.

Nilimuuliza mzazi yule binti anaionaje hisabati. Akasema anaipenda. Basi na ajaze fomu. Kuogelea atajifunza kabla hajapanda meli, kwa usalama wake.