Alama ya 4G kwenye simu haikuambii kasi unayoipata

Wateja wengi hulalamika kwamba video inakwama ilhali simu inaonyesha 4G na vijiti vya mtandao vimejaa. Ni lalamiko la haki, maana bando wamelilipia. Lakini alama ile hutaja tu teknolojia inayoiunganisha simu na mnara.

Chukua faili la megabaiti 100. Bando huuzwa kwa baiti, kasi hupimwa kwa biti, na baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo simu itapokea megabiti 800. Ukiwa kwenye 2G, pale simu inapoandika E, kwa kilobiti 100 kwa sekunde utasubiri zaidi ya saa mbili. Kwa 3G ya megabiti 2 ni dakika saba hivi. 4G ikikupa megabiti 20, sekunde 40. 5G ikikupa 200, sekunde 4 tu. Hizo ni kasi za mtaani. Kinadharia 5G hufikia gigabiti 20, kiwango ambacho simu yako haitakiona ukiwa sebuleni.

Sababu kubwa ni kugawana. Uwezo wa mnara ni wa wote waliounganishwa nao kwa wakati huo, na saa mbili usiku mtaa mzima uko mtandaoni. Tena 5G ya masafa ya redio ya megahezi 3500 hupungua nguvu haraka ikikutana na kuta, wakati masafa ya megahezi 700 au 800 hufika mbali lakini hubeba data kidogo.

Halafu kuna njia iliyo nyuma ya mnara, ambayo watu huisahau. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuunganisha na intaneti ya dunia, zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na kwa majirani, ingawa minara ilikuwa inawaka.

Kwa hiyo kabla ya kununua simu ya 5G, pima kasi kwa programu ya kupimia, alfajiri na usiku, ndani na nje ya nyumba. Ikishuka usiku tu, ni msongamano. Ikiwa duni ndani pekee, ni kuta au bati. Ikiwa duni saa zote hata ukiwa nje, hifadhi vipimo, mpelekee mtoa huduma wako malalamiko kwa maandishi, na asipokuridhisha yafikishe TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania.